Kubadilisha Kompyuta ya Injini Katika Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wenye magari ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa yale ya Toyota, Nissan na Mitsubishi yaliyoingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japani. Jambo moja litarudi mara nyingi: kompyuta hulaumiwa kuliko inavyostahili, na pale inapokuwa imekufa kweli, mara nyingi kuna kitu kilichoiua ambacho bado kimo ndani ya gari.

## Mambo ya msingi

Kompyuta ya injini ni kitu gani? Ndiyo ile mafundi wanayoiita kontroboksi?

Ndiyo hiyo hiyo. Ni kisanduku cha bati au aluminiamu, kikubwa kama kitabu cha kawaida, chenye ubao wa saketi ndani na soketi kadhaa za waya pembeni. Hupokea taarifa kutoka kwenye sensa za joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, mkao wa throto na oksijeni iliyomo kwenye ekzosi. Kutokana na taarifa hizo huamua nozeli za kunyunyizia mafuta zifunguke kwa muda gani, plagi zichome lini na valvu ya sailensi ipitishe hewa kiasi gani injini inapokuwa imetulia bila kukanyagwa mafuta. Katika magari mengi yenye gia za otomatiki, kisanduku hicho hicho huamua pia gia ibadilike wakati gani.

Iko sehemu gani ya gari?

Katika magari ya umri huu mara nyingi imo ndani ya chumba cha abiria: nyuma ya droo ya dashibodi, chini ya dashibodi katikati, au pembeni miguuni kwa abiria wa mbele. Usiichanganye na visanduku vya breki, mifuko ya hewa au kiyoyozi, ambavyo hukaa jirani nayo. Soma lebo kabla ya kuchomoa chochote.

Gari langu ni la dizeli. Maswali haya yananihusu?

Inategemea injini. Injini za dizeli zenye pampu ya kimekanika, kama 1HZ na 2L za Toyota, haziendeshwi na kompyuta hata kidogo. Injini kama 1KZ-TE, iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf nyingi, ina pampu inayoamriwa kwa umeme, na karibu yote yaliyoandikwa hapa kuhusu umeme, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye injini au bodi) na maji yanaihusu. Tofauti kubwa ni kwamba kompyuta na pampu zake hulinganishwa, kwa hiyo kuchanganya kompyuta ya gari moja na pampu ya gari jingine kunahitaji fundi anayezifahamu pampu hizo.

## Kuthibitisha ugonjwa

Dalili za kompyuta inayokufa ni zipi?

Injini inayozima ghafla na kuwaka tena baada ya kupoa, silinda moja isiyopata mafuta au moto ingawa nozeli na koili zake ni nzima, sailensi inayopanda na kushuka bila mpangilio, gia za otomatiki zinazokwama kwenye gia moja, au gari ambalo starta inazungusha lakini halina moto wala mafuta. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kuwaka muda wote, au isiwake kabisa hata pale inapopaswa kuwaka, yaani swichi ya ufunguo ikiwa imefunguliwa na injini bado haijawashwa.

Ugumu ni kwamba kila dalili hapo juu inaweza kuletwa na kitu cha bei nafuu zaidi. Kwa sababu hiyo, orodha ya dalili peke yake haitoshi kumfanya mtu atoe fedha.

Nipime nini kabla ya kuamini kwamba kompyuta imekufa?

Vitu vitatu, kwa mita ya kawaida ya umeme. Huu ndio moyo wa kazi yote, na fundi asiyekuwa na mita hapaswi kukuambia kwamba kompyuta imekufa.

Kwanza ni umeme unaoingia. Katika Toyota za enzi hizo, mguu (pini ya soketi ya kompyuta) wa BATT unapaswa kuwa na umeme wa betri wakati wote, na mguu wa +B upate umeme swichi inapofunguliwa. Umeme wa +B hupitia rilei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya mfumo wa mafuta, nao wa BATT hulindwa na fyuzi ya EFI. Rilei iliyochakaa migusano huikatia kompyuta umeme barabarani na kuurudisha baadaye, na dalili zake hufanana kabisa na za kompyuta mbovu. Pima pia betri wakati starta inazungusha: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, kompyuta inaweza kushindwa kufanya kazi ilhali haina kosa lolote.

Pili ni ethi. Injini ikiwa inanguruma, pima kati ya mguu wa E1 wa kompyuta na nguzo hasi ya betri. Ukiona zaidi ya takriban volti 0.1, waya wa ethi una kutu, umelegea au umekatika nyuzi kadhaa. Katika magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa ya chumvi hula shaba bila kuonekana, ningeanza hapa kabla ya mahali pengine popote. Waya hizo hufungwa kwa boliti kwenye injini yenyewe, na fundi aliyewahi kushusha injini anaweza kuwa alisahau kurudisha mmoja.

Tatu ni volti 5 ambazo kompyuta huzitoa kwa ajili ya sensa, kwenye mguu wa VC. Zikikosekana, usihukumu bado. Chomoa sensa zinazotumia waya huo moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita; volti 5 zikirudi baada ya kuchomoa sensa fulani, basi sensa hiyo au waya wake ndio wenye shoti. Zikiendelea kukosekana wakati sensa zote zimechomolewa, waya hauna shoti kwenye bodi, na umeme pamoja na ethi ni sawa, hapo una sababu ya kweli ya kuifungua kompyuta.

Gari langu halina soketi ya mashine ya kisasa ya kupimia. Nitasomaje makosa?

Mfumo wa soketi ya kawaida ya uchunguzi ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakubanwa na sheria hizo, na ndiyo maana Corolla ya 1997 iliyotoka Japani inaweza kukosa kuzungumza na mashine inayosoma Corolla ya mwaka huo iliyouzwa Marekani.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chenye mfuniko ndani ya boneti. Zima swichi, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini na uhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Mipepeso miwili, kimya kifupi, kisha mmoja, ni msimbo 21, sensa ya oksijeni. Msimbo 12 ni kukosekana kwa ishara ya mzunguko wa injini, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa inayoingia, na 41 ni sensa ya throto. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo ule ule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Soma herufi za mfuniko kwa makini, kwa sababu kisanduku hicho kina mguu wa umeme wa betri pia, na kuuunganisha na ethi kutaleta shoti.

Taa inayotoa misimbo kwa mpangilio ni ushahidi kwamba sehemu ya kompyuta inayofikiri bado iko hai.

Gari huzima likipata moto na kuwaka likipoa. Si dalili ya wazi ya kompyuta?

Si ya wazi. Koili, kifaa kinachoikatia koili umeme, na sensa ya mzunguko wa injini vyote huwa na tabia hiyo hiyo, na vyote hukaa kwenye joto kali kuliko kompyuta iliyo nyuma ya droo. Njia ya kuitenga kompyuta ni kuishusha ikining'inia kwenye waya zake, kuipasha taratibu kwa kikaushia nywele injini ikiwa baridi na inanguruma, na kuona kama hitilafu inajitokeza. Usitumie bunduki ya joto ya mafundi. Hiyo inaweza kuyeyusha risasi ya kwenye ubao.

Naweza kuendelea kuliendesha wakati natafuta nyingine?

Sikushauri. Gari linalozima lenyewe hupoteza msaada wa usukani na, baada ya mikanyago michache, msaada wa breki. Kwenye mteremko mrefu hilo linaweza kugharimu maisha. Aidha, nozeli inayomwaga mafuta bila kipimo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza kichujio cha ekzosi.

## Kilichoiua kompyuta

Kwa nini kompyuta zilizofanya kazi miaka 20 zinakufa sasa?

Sababu kuu ni kapasita za maji, vile vimkebe vidogo vinavyosimama juu ya ubao. Ndani yake mna kimiminika kinachokauka au kuvuja kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha mambo: kwa makadirio ya kawaida ya mafundi wa elektroniki, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Gari linaloshinda juani likiwa limefungwa vioo linaishi katika mazingira hayo kila siku.

Kimiminika kinachovuja hula njia za shaba za ubao na kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu, na baadhi ya Toyota na Lexus za muongo huo pia. Ukifungua kisanduku ukasikia harufu kama ya samaki, au ukaona doa la kahawia chini ya kapasita, umefika penyewe.

Je, kuna kompyuta zilizotoka kiwandani zikiwa na kasoro?

Zipo. Mwezi Agosti 2010 Toyota iliyaita karakana magari takriban milioni 1.13 ya aina ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 yaliyouzwa Marekani na Kanada, kwa sababu viungo fulani vya risasi kwenye kompyuta, au kifaa cha kuzuia umeme kupanda ghafla, vingeweza kupasuka na gari likazima au likagoma kuwaka. Hayo ni magari ya usukani wa kushoto, kwa hiyo anayenunua gari la aina hiyo lililotumika Marekani, kwa mfano kwa ajili ya barabara za Kongo, Burundi au Rwanda, aulize kama kazi hiyo ilifanyika.

Nimefunga nyingine, nayo imekufa baada ya siku chache. Niliuziwa mbovu?

Pengine, lakini kwanza tafuta muuaji. Kila kitu kinachoamriwa na kompyuta, yaani nozeli, koili, valvu na rilei, huvuta umeme kupitia transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, iliyo ndani ya kompyuta. Kifaa hicho kikipata shoti, transista huungua. Ukifunga kompyuta nyingine bila kuondoa shoti, unaipeleka kwenye kaburi lile lile. Hili lilinipata kwenye gari la familia, na kompyuta ya pili haikumaliza wiki. Tulilipa mara mbili kwa kosa ambalo kipimo cha dakika tano kingelifichua.

Mshukiwa wa kwanza ni valvu ya sailensi. Katika Mitsubishi nyingi, kila koili ya mota ya valvu hiyo inapaswa kuwa na upinzani wa oma 28 hadi 33. Ikishuka sana, ibadilishe kabla ya kufunga kompyuta. Katika baadhi ya Nissan za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji ya rejeta yanayopita kwenye valvu hiyo huvuja hadi kwenye mota yake, yakaleta shoti na kuunguza kompyuta. Pima pia nozeli: zile za kawaida za upinzani mkubwa huwa kati ya oma 12 na 16, na moja iliyo chini sana ya wenzake haifai kurudishwa.

Wauaji wengine ni altaneta inayochaji kupita volti 15, kubusti betri kwa kugeuza chanya na hasi, na maji yanayopenya kutoka chini ya kioo cha mbele pale mifereji inapozibwa na majani.

## Kutengeneza au kununua

Itengenezwe au nitafute nyingine?

Kama ugonjwa ni kapasita na ubao haujaliwa sana, kutengeneza ni bora, kwa sababu unabaki na kompyuta ile ile iliyolingana na gari na funguo zake, na yenye sehemu mpya. Kompyuta ya mtumba ina umri sawa na yako, na kapasita zake zimezeeka vilevile. Hata ukinunua nzima, ningependa kapasita zibadilishwe kabla haijafungwa.

Mtafute fundi wa elektroniki mwenye mkono mwepesi, aliyezoea mbao ndogo. Si lazima awe fundi wa magari. Kapasita mpya ziwe za uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, za kuhimili nyuzi 105, na upande wa hasi ukae mahali pake. Kimiminika kilichovuja kisafishwe kwa spiriti safi kabla ya kuchomea.

Kama transista imeungua hadi ubao ukawa mkaa, au tabaka za ndani zimekatika, tafuta nyingine.

Nitajuaje kwamba kompyuta ya mtumba inalifaa gari langu?

Linganisha namba yote iliyo kwenye lebo. Kwa Toyota nyingi namba huanza na 89661, kisha kistari na tarakimu au herufi tano. Tarakimu za mwanzo husema tu kwamba hiki ni kifaa cha aina gani. Zinazofuata ndizo zinazotaja gari lenyewe, na tofauti ya tarakimu moja inaweza kumaanisha gia tofauti au nchi tofauti.

Usitegemee jina la gari. Corolla za umbo moja zilitoka na injini tofauti: AE110 ya Japani ina 5A-FE ya sisi (cc) 1500, AE111 ina 4A-FE ya sisi 1600. Soketi zinaweza kuingia vizuri na gari likawaka, kisha likaanza kumisi au kunywa mafuta kupita kiasi.

Yangu ni ya otomatiki, nimepata ya manyuali ya injini ile ile. Itafaa?

Kwa gari ambalo kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru gia, haitafaa. Kinyume chake, yaani ya otomatiki kwenye gari la manyuali, pengine itawasha injini, lakini sailensi na misimbo ya makosa vitakusumbua.

Nichunguze nini dukani kabla ya kulipa?

Iwe Gerezani Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga Nairobi au Kisekka mjini Kampala, omba kuifungua pale pale. Angalia skrubu kama zimewahi kuguswa, kutu kwenye miguu ya soketi, madoa chini ya kapasita, na risasi mpya isiyolingana na ya kiwandani. Inuse. Kubaliana kwa maandishi kuhusu siku za majaribio, na piga picha ya lebo na ya ubao kabla hujaondoka. Ukipata iliyotoka pamoja na kipande cha mbele cha gari kilichokatwa Japani, na injini yake bado ipo, muulize muuzaji kama anaweza kukuwashia.

Je, ufunguo wangu utakubali?

Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ya 1990 hazina chipu kwenye ufunguo, na hapo hakuna tatizo. Magari mapya yaliyouzwa Ulaya yalilazimika kuwa na kizuia wizi cha kielektroniki kuanzia Oktoba 1998, kwa hiyo gari lililotoka Uingereza huenda likazungusha starta na kukataa kushika baada ya kubadilishiwa kompyuta. Suluhisho ni kununua kompyuta pamoja na ufunguo na kisanduku chake cha kizuia wizi, au kuhamisha taarifa za funguo. Katika kompyuta nyingi taarifa hizo hukaa kwenye kumbukumbu ndogo ya miguu 8, kwa mfano 93C56, ambayo fundi stadi anaweza kuitoa kwenye ubao wa zamani na kuichomea kwenye mwingine.

## Kufunga

Inafungwaje kwa usalama?

Zima swichi, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika chache. Shika chuma cha bodi ili umeme tuli uliomo mwilini uondoke, na usiguse miguu ya soketi kwa vidole. Soketi huwa na kishikizo. Kibonyeze na uvute soketi yenyewe, kamwe usivute waya. Kagua miguu kama kuna uliopinda, sukuma hadi usikie mlio wa kishikizo, rudisha boliti zote za kisanduku, kisha rudisha betri. Kabla ya kuwasha, fungua swichi na uhakikishe taa ya injini inawaka.

Sailensi iko juu au gari linamisi kidogo tangu nilipofunga. Nimekosea?

Si lazima. Kompyuta iliyokatiwa umeme husahau marekebisho iliyojifunza, na huhitaji muda wa kuendeshwa, injini ikiwa na joto lake la kawaida, ili ijifunze upya. Baadhi ya Nissan zenye throto ya umeme huhitaji kufundishwa sailensi kwa utaratibu maalumu au kwa mashine. Hali isipobadilika baada ya siku mbili tatu, rudia kulinganisha namba kama ilivyoelezwa hapo juu, kisha soma misimbo.

## Hali za pekee

Gari lilizama kwenye mafuriko. Kompyuta itapona?

Inawezekana, iwapo haikupewa umeme ikiwa na maji. Usifungue swichi kujaribu. Toa waya wa betri, itoe kompyuta siku hiyo hiyo, ifungue, ioshe kwa maji safi kuondoa tope, kisha kwa spiriti safi, na uiache ikauke kabisa mahali penye hewa. Maji ya bahari hayana huruma; hapo kila saa ina thamani. Osha na ukaushe soketi za waya pia.

Je, fundi wa bodi anaweza kuchomelea gari bila kuiondoa?

Kwa uchache atoe waya hasi wa betri na kubana ethi ya mashine yake karibu kabisa na mahali anapochomelea. Akichomelea jirani na dashibodi, kompyuta itolewe.

Injini ilishabadilishwa. Nifuate namba ya gari au ya injini?

Fuata injini iliyopo pamoja na waya zake. Aliyeweka 4A-FE ndani ya AE110 anahitaji kompyuta ya 4A-FE, na ni vyema awe pia na sensa na waya zilizokuja na injini hiyo. Lebo ya kiwandani ya gari itakupotosha.

Nifanye nini na kompyuta ya zamani?

Usiiache karakana. Ina namba yako sahihi na, kama gari lina chipu ya ufunguo, ina taarifa za funguo zako. Ikitupwa, ile uliyonunua ikishindwa hutakuwa na pa kurudi. Ifunge kwenye mfuko mkavu na uambatishe karatasi yenye tarehe, dalili ulizoziona na vipimo ulivyopata kwenye +B, E1 na VC, ili fundi wa elektroniki atakayeifungua baadaye ajue aanzie wapi.